Gitaa la umeme la kutengeneza nyumbani: Butembo na Beni, kipimo kinasumbua kuliko mbao

Sebene ndiyo mtihani. Wimbo ukiwa bado unaimbwa polepole, mpiga solo anabaki karibu na kichwa cha gitaa, na hata chombo kibovu kinapita bila kutambuliwa. Lakini waimbaji wakinyamaza na ngoma ikiongeza mwendo, vidole vinapanda shingo ya gitaa hadi kupita freti ya 12, ambako nafasi kati ya freti ni nusu tu ya zile za mwanzo. Hapo kosa la milimita mbili linasikika kwa kila mtu. Kinanda kinashika sauti yake, gitaa linashika nyingine, na korale nzima inamgeukia mpigaji. Kumbe kosa si la vidole vyake. Lilifanyika wiki nyingi kabla, kwenye meza ya fundi mbao, siku freti zilipopigiliwa.

Mjini Butembo na mjini Beni, jimboni Kivu Kaskazini, vitu vya kutengenezea gitaa la umeme havikosekani. Mbao za misitu ya Ituri hupitia Beni zikielekea Kasindi, Uganda na Kenya. Redio zilizokufa, bafle zilizopasuka na chaja za zamani hurundikana kwa mafundi wa redio. Butembo ni mji wa wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Dubai na China, na magitaa ya kiwandani hupita njia hiyo hiyo. Ila gitaa la dukani ni pesa nyingi kwa kijana wa korale, na mara nyingi lile la bei ndogo linafika na nyuzi zilizo juu mno, shingo imepinda kwa safari. Hivyo hata aliyenunua anajikuta katika kazi ile ile ya aliyejitengenezea: kupima, kusawazisha, kuunganisha waya.

Jambo lenyewe si geni. Kabla gitaa halijafika, Wanande na ndugu zao Bakonzo wa upande wa pili wa Ruwenzori walikuwa na enzenze, fimbo iliyochongwa vipandio vya kukandamizia uzi, na kibuyu cha kukuza sauti. Franco Luambo, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938 na ambaye baadaye aliongoza OK Jazz, alianza utotoni na gitaa alilojiundia kwa kopo na waya za umeme. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono No 1 alitia umeme kwenye likembe kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani, na muziki wake ukafika Ulaya na Marekani. Huko huko Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Socklo, anaunda magitaa tangu miaka ya 1970.

Wanaodhani kwamba hiyo ni kazi ya watu maskini tu, wamtazame Brian May wa kundi la Queen. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule huko Uingereza, yeye na baba yake walianza kutengeneza gitaa nyumbani kwa sababu hawakuwa na pesa ya kununua. Shingo ilitoka katika mbao ya zamani ya sehemu ya kuotea moto, na springi zilitoka kwenye pikipiki. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Gitaa hilo ndilo alilopiga katika rekodi za Queen, na bado analipiga.

Miaka miwili si kwa uvivu. Mbao inataka kungojewa. Libuyu au muvula inayotoka msituni inafika ikiwa na maji ndani, na mafundi mbao wanahesabu karibu mwaka mzima wa kuikausha kivulini kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Anayeharakisha anapata shingo nzuri mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu inageuka kama upinde. Hili ni zito zaidi Butembo, mji wa milimani wenye mvua sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo fundi mwenye akili haanzi na ubao mpya. Anatafuta mguu wa kitanda cha zamani, mlango uliong'olewa, kipande cha meza ya babu: mbao ambayo imekwisha kupinda kadiri ya uwezo wake. Nayo inapaswa kuwa ngumu, maana nyuzi sita za kawaida zikikazwa zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 45, karibu na uzito wa mfuko wa saruji, usiku na mchana.

Baada ya mbao inakuja hesabu, na hapo ndipo magitaa mengi ya nyumbani yanafia. Tuseme urefu wa uzi, kuanzia mfupa wa kichwani hadi kwenye daraja, ni milimita 648, kipimo ambacho viwanda vingi vinatumia. Urefu huo unagawanywa kwa 17,817. Jibu ni 36,4: hiyo ndiyo nafasi ya freti ya kwanza. Kinachobaki kinagawanywa tena kwa namba ile ile, na hivyo hivyo hadi mwisho. Freti ya pili inaangukia milimita 70,7 toka kichwani, ya tatu 103,1, na ya 12 inaangukia katikati kabisa, 324.

Mafundi wa zamani huko Ulaya waligawanya kwa 18, kanuni ambayo Vincenzo Galilei, baba wa mtaalamu wa nyota Galileo, aliieleza karne ya 16. Ni rahisi kwa kichwa, ila freti ya 12 inaangukia 321,6 badala ya 324. Zile ndizo milimita mbili za sebene.

Kuna mtego mwingine. Fundi akipima kila nafasi kutoka freti iliyotangulia, kosa dogo la rula linajilimbikiza, hata freti ya 15 ikiwa mbali na mahali pake. Dawa ni kufanya hesabu yote kwanza kwenye karatasi, kisha kupima freti zote toka sehemu moja, kichwani, bila kusogeza rula. Wengine wanaona njia ya mkato: wanalaza shingo ya gitaa la kiwandani juu ya ubao na kunakili alama. Inakubalika, mradi daraja nalo liwekwe kwa kipimo cha gitaa lile lile. Kunakili shingo halafu kuweka daraja kwa kukadiria na jicho ni kuharibu kazi nzima. Freti zenyewe, kama zile za dukani hazipatikani, zinaweza kutolewa katika njiti za gurudumu la baiskeli, zikakatwa, zikagandishwa ndani ya mifereji, kisha zikasawazishwa kwa tupa iliyonyooka.

Mikro ya gitaa inawaogopesha watu bure. Ni sumaku iliyozungushiwa waya, basi. Sumaku inapatikana nyuma ya bafle iliyokufa. Visi sita za chuma zikiigusa, kila moja chini ya uzi wake, zinatosha. Waya ndiyo inayotaka uvumilivu: unene wake ni kama milimita 0,06, mwembamba kuliko nywele nyingi, na unazungushwa mara 7.000 au 8.000. Unapatikana ndani ya zile chaja nzito za zamani, upande wa volti 220. Fundi wa cherehani ana faida hapa, kwani gurudumu la cherehani linazungusha vizuri kuliko mkono. Waya ukikatika kwenye mzunguko wa 5.000, hakuna la kufanya ila kulehemu au kuanza upya, na watu wazima wamelia kwa jambo hilo. Ikikamilika, multimeta inaonyesha kama omu 6.000, na mikro inachovywa katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto, isije ikapiga mluzi ampli ikiongezwa sauti.

Kisha gitaa linavalishwa nyuzi, na wengi wanadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Urefu kati ya uzi na freti ya 12 unashushwa hadi karibu milimita 2. Chini ya hapo uzi unagonga freti, juu ya hapo vidole vinachoka kabla ya sebene. Halafu kila uzi unapigwa wazi, unasomwa kwa programu ya simu, na kukandamizwa kwenye freti ya 12. Sauti ikipanda kuliko inavyotakiwa, kijiti cha daraja kinarudishwa nyuma ili uzi urefuke. Ikishuka, kinasogezwa mbele. Wapigaji wa mi-composé, wale wanaoondoa uzi wa re na kuweka mwembamba unaolia oktavi moja juu, wanasahau kwamba uzi mwembamba unataka mahali pake penyewe kwenye daraja, na kwamba mfereji wa kichwani uliochongwa kwa uzi mnene unauacha unacheza na kulia kama nzi. Mfereji huo unajazwa gundi na unga wa mfupa, kisha unachongwa upya. Ni kazi ya nusu saa ambayo watu wanaikimbia kwa miaka.

Umeme ni habari nyingine, na si ya muziki peke yake. Butembo ilikua kwa miaka mingi bila mtandao wa kutegemewa, kwa jenereta na paneli za jua, na hata leo, ingawa kuna mitambo ya maji kama ule wa Mutwanga, makanisa mengi yana jenereta nje ya dirisha. Jenereta hiyo mara nyingi haina waya wa ardhi. Gitaa la umeme linaunganisha nyuzi zake na bodi ya ampli ili kupunguza mngurumo. Ampli ikiwa na kasoro, nyuzi zinabeba umeme. Mpigaji hasikii kitu hadi mdomo uguse mikro ya kuimbia iliyochomekwa kwenye laini nyingine. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, huko Wales, Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani namna hiyo, gitaa mikononi, mbele ya watu.

Kinachohitajika si kikubwa: fimbo ya chuma iliyopigiliwa kwenye udongo wenye unyevu na kuunganishwa na jenereta, vyombo vyote kwenye multiprizi moja, disjonkta ya miliampea 30, na mtu asiyekata pini ya tatu ya waya kwa sababu haiingii kwenye prizi. Kwa mazoezi ya nyumbani, ampli ndogo inayokula betri ya volti 12 ni salama zaidi. Mjini Beni ina faida nyingine. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 usiku si wakati wa kutembea, mazoezi yanafupishwa, na ampli ya betri inaruhusu wapigaji kumalizia nyumbani, sauti ikiwa chini.

Nyuzi nazo zinategemea barabara. Mi ya kwanza ndiyo inakatika, na pale magari yanapokwama, mtu anafungua waya wa breki ya baiskeli na kuchagua ule wenye unene wa robo milimita. Unashika sauti kwa siku chache, kisha kutu. Anayekazia uzi wa namna hiyo Jumamosi jioni anautunia, anauvuta kwa vidole, anautunia tena, mara nne au tano, kisha anaacha gitaa limelala hadi asubuhi. Kabla ya ibada, multimeta inawekwa kwenye volti, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye mikro ya kuimbia. Ikionyesha makumi ya volti, jenereta inazimwa na watu wanaimba kwa ngoma peke yake.