Ini na Ghala la Nafaka

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo hukaa upande wa kulia wa mwili, chini ya mbavu. Damu itokayo katika matumbo hupitia humo kwanza. Hapo akiba ya sukari huwekwa na sumu nyingi huvunjwa. Watu wengi hutafuta mizizi na majani ya "kusafisha ini", lakini ini zima hujisafisha lenyewe, na baadhi ya mitishamba huweza kulidhuru. Kinga kubwa nyumbani huanzia ghalani.

Mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, maini yao yakiwa yameharibika. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Sumu iliyopatikana humo huitwa aflatoksini, au sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317, na 125 kati yao walifariki.

Ajabu ni kwamba sumukuvu huwa kali zaidi ndani ya ini lenyewe. Vimeng'enya, katika kuivunja, huigeuza kuwa kemikali inayonata kwenye DNA ya seli. Baada ya miaka mingi saratani huweza kuzuka. Hatari huongezeka sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao una chanjo.

Mapishi ya kawaida hayaiondoi sumu hiyo. Dawa ni kuzuia kuvu, ambayo hustawi penye joto na unyevu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, wala si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Punje zilizooza, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu zitengwe. Ng'ombe wa maziwa wasipewe, maana sumu hupita katika maziwa.

Jaribio la darasani

Tia mahindi katika chupa kavu ya kioo hadi theluthi moja, kisha ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Funga, tikisa kwa dakika moja, na uache chupa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: mahindi yarudishwe juani. Isipoganda, yafaa yaanikwe zaidi kidogo kabla ya kuhifadhiwa, kwani kiwango salama kiko chini ya hapo.