Kuweka si Kuhifadhi: Istilahi za Utunzaji wa Rekodi za Televisheni

Tuseme barua imefika katika Kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, yenye agizo la sentensi moja: "Kanda zote zenye matukio ya zamani ya televisheni zihifadhiwe." Mwalimu mkuu anaisoma, anakusanya kaseti za video zilizozagaa ofisini, anazifungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni. Mtendaji wa kata anaandika "kaseti 14", anaiweka orodha hiyo jaladani, na kaseti zenyewe anaziacha zilipo. Fundi aliyeombwa kusaidia anazinakili zote katika flashi moja, kisha anazitupa, maana kwake kazi imekwisha.

Watu watatu wametenda mambo matatu, na kila mmoja ametii barua. Hata hivyo, baada ya miaka kumi huenda pasiwe na hata mmoja wao atakayeweza kuonyesha picha. Barua hii ni ya kubuni, lakini zinazofanana nayo huandikwa kila siku. Kosa si la mwalimu, wala la mtendaji, wala la fundi. Kosa ni la mwandishi aliyetumia neno moja pale palipohitaji maneno matano. Makala hii inakusudia kuyatenganisha maneno hayo, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa umma wayatumie kwa maana moja.

Mali yenyewe

Televisheni ilianza kwetu Zanzibar mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata baadaye. Kwa hiyo historia yetu katika picha za televisheni ni fupi, na kila saa iliyorekodiwa ina thamani kubwa zaidi. Mazishi ya Mwalimu Nyerere huko Butiama mwezi Oktoba 1999 yalifuatwa na wananchi kwa redio na pia kwa televisheni. Aliyekuwa na mashine ya kurekodia nyumbani siku hizo aliweza kubaki na kaseti ambayo leo ni kumbukumbu ya taifa, hata kama imelala chini ya kitanda.

Matangazo ya namna hiyo hutokea mara moja tu. Kitabu kikipotea, huenda pakawa na kingine dukani. Tukio likitangazwa papo hapo bila kurekodiwa, hakuna mahali pa kulitafuta tena.

Hata yaliyorekodiwa hayakuwa salama. Mashine ya kwanza ya kurekodi video iliyotumika vituoni, ya kampuni ya Ampex, ilitokea Marekani mwaka 1956. Utepe wake ulikuwa ghali, na uliweza kufutwa na kutumiwa tena, basi ukafutwa. Shirika la BBC la Uingereza lilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwemo vya mchezo wa Doctor Who. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi 9 vya mchezo huo vilivyokuwa vimepotea vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vilikuwa nakala za filamu zilizouzwa nje miaka mingi kabla. Nalo shirika la NASA la Marekani lilieleza mwaka 2009 kwamba tepe za awali zilizopokea picha za watu wa kwanza kukanyaga mwezi, Julai 1969, yaelekea zilifutwa ili zitumiwe tena. Picha zilizosafishwa na kuonyeshwa upya zilitoka katika nakala za vituo vya televisheni.

Funzo ni moja: kilichopotea makao makuu kilipatikana mbali. Nakala iliyosahauliwa kijijini yaweza kuwa ndiyo pekee iliyosalia. Ndiyo maana neno linaloandikwa katika barua iendayo Sapiwi si jambo dogo.

Neno "hifadhi"

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na lina matumizi matatu yanayoweza kutuongoza. Kwanza, husemwa kwamba mtu "amehifadhi Kurani". Hakuna anayeelewa kuwa ameifungia sandukuni. Maana yake anaweza kuisoma kwa moyo wakati wowote atakapoombwa. Pili, watu wa Simiyu ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wanajua kuwa hifadhi ina mipaka, ina askari, na hukaguliwa. Pori lililoachwa lijiangalie haliitwi hifadhi. Tatu, mkulima huhifadhi mahindi ghalani, lakini huyakausha kwanza, na hurudi mara kwa mara kutazama kama yameingiwa na wadudu.

Katika matumizi yote matatu, kuhifadhi ni kukifanya kitu kiendelee kuwapo na kutumika. Rekodi iliyohifadhiwa, basi, ni ile inayoweza kuonyeshwa tena. Kaseti iliyomo kabatini bila kukaguliwa imewekwa tu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Utepe wa video ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Unyevu huidhoofisha gundi hiyo. Utepe hunata, na chembe zenye picha hubanduka. Joto huharakisha uharibifu, kuvu huota, na vumbi hukwaruza. Tena, hata utepe ulio mzima hauna faida bila mashine ya kuuchezea. Kaseti za VHS zilianza kuuzwa mwaka 1976. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kuunda mashine zake, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kabati lililofungwa halizuii hata moja kati ya hayo.

Utepe, kaseti na rekodi

Neno "kanda" limetumika kwa mambo mengi mno. Kisarufi ni wingi wa "ukanda", lakini wengi husema "kanda hii" kwa umoja. Isitoshe, maofisini "kanda" ni eneo pia; Simiyu imo katika Kanda ya Ziwa. Mtu akiandika "orodha ya kanda za Kanda ya Ziwa", msomaji lazima asite.

Yafaa tutenganishe mambo matatu. "Utepe" ni ule uzi mpana wenye chembe za sumaku. "Kaseti" ni kasha pamoja na utepe uliomo. "Rekodi" ni picha na sauti zilizonaswa humo. Kaseti moja yaweza kuwa na rekodi tano, na rekodi moja yaweza kuenea katika kaseti mbili. Mtendaji aliyeandika "kaseti 14" alihesabu makasha. Hakusema lolote juu ya kilichomo.

Nakala na asili

Watumishi wa umma wamezoea kuandika "nakala halisi". Kwa barua, huenda usemi huo hauleti madhara. Kwa rekodi unapotosha, kwa sababu nakala ni kile kilichotokana na kingine. Tunapendekeza "rekodi asilia" kwa ile iliyonaswa kwanza. "Nakala ya hifadhi" kwa ile iliyotolewa kwa ubora wa juu na isiyotumiwa kila siku. Na "nakala ya matumizi" kwa ile ya kuonyeshea darasani au kuazimisha. Fundi wetu alitoa nakala ya matumizi, akaichukua kuwa ni nakala ya hifadhi, kisha akatupa rekodi asilia. Kama angekuwa na majina matatu, angeona kwamba vitu pia ni vitatu.

Kitenzi "kufuta" nacho kitumike kwa uangalifu. Kufuta ni kuondoa rekodi katika utepe. Kurekodi juu ya rekodi nyingine ni kufuta pia, hata kama aliyefanya hivyo hakukusudia.

Moja kwa moja, mubashara, marudio

"Matangazo ya moja kwa moja" ni usemi wa siku nyingi. Miaka ya karibuni "mubashara" limeenea redioni na katika televisheni. Yote mawili yanafaa, ila "moja kwa moja" lina maana nyingine: "amehama moja kwa moja" ni kuhama bila kurudi. Katika lebo na orodha, ambako nafasi ni ndogo na maelezo hayapo, "mubashara" halina utata huo. Mfasiri ajiepushe na "matangazo hai", kwani uhai wa matangazo si ndio unaozungumzwa.

Pia ikumbukwe kuwa rekodi ya matangazo mubashara si mubashara tena. Ikirushwa upya ni "marudio". "Kipindi maalumu" ni kile kilichotengenezwa kwa ajili ya tukio fulani nje ya ratiba ya kawaida. Chaweza kuwa mubashara au kiwe kimerekodiwa kabla. Kwa hiyo lebo ionyeshe tarehe mbili: ya tukio na ya kutangazwa. Bila tarehe hizo, mtafiti wa kesho hatajua anachotazama ni sherehe yenyewe au marudio yaliyokatwa.

Maneno yanayopendekezwa

Kuweka: kukipa kitu mahali pake.
Kuorodhesha: kuandika kila rekodi kwa jina la tukio, mahali na tarehe zake.
Kutunza: kukikinga chombo dhidi ya joto, unyevu, vumbi na wizi.
Kunakili kidijitali: kutoa rekodi katika utepe na kuitia katika faili la kompyuta.
Kukagua: kuifungua nakala kila baada ya muda na kuthibitisha kuwa inaonekana na kusikika.
Kuhifadhi: jumla ya kazi zote hizo, zinazohakikisha kuwa rekodi yaweza kuonyeshwa tena.

Shirika la UNESCO lilipitisha pendekezo la kulinda picha za mwendo huko Belgrade tarehe 27 Oktoba 1980, na tangu mwaka 2005 tarehe hiyo ni siku ya kimataifa ya urithi wa sauti na picha. Maazimio ya namna hiyo hufika kwetu kwa njia ya tafsiri. Mfasiri akiweka "kuhifadhi" kila mahali, agizo litakalofika katani litakuwa lile lile la mwanzo.

Sasa tuiandike upya barua ya Sapiwi: "Kila kaseti ibandikwe lebo yenye jina la tukio, mahali na tarehe. Kile kipande cha plastiki kilicho ukingoni mwa kaseti kivunjwe, ili pasirekodiwe juu yake. Kaseti zisimamishwe wima mahali pakavu, mbali na jua na vipaza sauti. Kaseti yenye kuvu isichezwe kabla ya kusafishwa na fundi. Kila rekodi inakiliwe kidijitali, na nakala mbili za hifadhi ziwekwe katika majengo mawili tofauti. Nakala zikaguliwe kila mwaka. Rekodi asilia zisitupwe."

Barua hii ni ndefu kuliko ya kwanza. Lakini mwalimu, mtendaji na fundi wakiipata, wote watatu watafanya kazi moja.