Pasua Mbao Pale Mti Ulipoangukia

Gogo bichi la mti wa mathenge lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2 lina uzito wa karibu robo tani. Kule Marigat, kwenye tambarare za Baringo ambako vichaka vya mti huu vimeziba njia za mifugo, hakuna lori linaloweza kulifuata mahali lilipo. Hata likivutwa na ng'ombe hadi barabarani na kuletwa Nakuru, nauli itakuwa imemeza faida yote. Kwa hiyo linachomwa makaa. Mti mgumu kuliko mingi tunayoinunua kwa bei ghali huishia chini ya sufuria, nami naona huo ni upotevu tunaoweza kuupunguza.

Kifaa cha kulipasulia gogo palepale kinabebeka begani. Ni msumeno wa injini, ule ambao wengi tunauita pawa, uliofungiwa fremu ya chuma. Fremu hulishika bamba la msumeno lisicheze, na sehemu yake ya juu huteleza juu ya uso ulionyooka kwa kimo ambacho fundi amekipanga. Gogo likiwa bado la mviringo halina uso kama huo, kwa hiyo mkato wa kwanza huongozwa na ngazi au ubao ulionyooka uliopigiliwa juu yake. Kuanzia mkato wa pili fremu hupita juu ya ule wa kwanza, na unene haubadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Gogo likilala kwenye mteremko kidogo, fundi hupasua akielekea chini na uzito wa mashine humsaidia kusukuma. Kabari ndogo hufuata nyuma ili ubao usibane cheni.

Wapasuaji wengi wa Rift Valley hawatumii fremu. Hupiga mstari kwa uzi uliochovywa oili chafu, kisha hupasua kwa jicho na mkono. Nawaheshimu, kwa maana ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini mti unaumia. Ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule, na seremala hulazimika kuupiga randa hadi nusu ya kilichokusudiwa iwe takataka.

Fremu nayo ina mpaka wake, na mpaka huo ni upana wa cheni. Kila mkato hugeuza milimita 9 hivi za mti kuwa unga, ilhali msumeno wa utepe wa kiwandani hula milimita 2 au 3. Ukipasua mbao za sentimita 2.5, zaidi ya robo ya gogo inamwagika chini. Ukipasua za sentimita 5, hasara inashuka hadi kama asilimia 15. Ndiyo sababu nasisitiza: pawa ni ya mbao nene, zile za meza, kaunta na mabenchi, ambazo wateja wa mijini siku hizi huzitaka na ukingo wake wa asili. Anayetaka mbao nyembamba za dari ampelekee kazi hiyo mwenye kiwanda.

Cheni ya kukatia kuni haifai hapa. Meno yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi ili yakate nyuzinyuzi za mti kwa kuzipita upande. Ya kupasulia hunolewa kwa nyuzi 10, kwa sababu inaufuata mti kwa urefu wake. Mathenge huyamaliza makali upesi, kwa hiyo tupa iwe mfukoni na itumike kabla fundi hajaanza kusukuma kwa nguvu. Unga ukitoka kama vumbi badala ya vipande vidogo, cheni imekwisha makali.

Injini ndiyo inayoteseka zaidi. Katika kuangusha mti msumeno hunguruma kidogo ukapumzika, lakini katika kupasua hukimbia kwa kasi yote dakika nyingi mfululizo. Kwa gogo la sentimita 40 nisingekubali injini iliyo chini ya cc 70, na kwa la sentimita 60 nataka 90 au zaidi. Halafu kuna jambo ambalo eneo letu linalitia uzito wa pekee: mwinuko. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na Marigat kama 1,060 tu. Kule juu hewa ni nyepesi, injini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na fundi hupunguza mafuta kwenye kabureta ili iwake vizuri. Akishuka na msumeno huohuo Marigat bila kuirekebisha kabureta, hewa nzito ya bondeni hukutana na mafuta machache. Injini hupata joto kupita kiasi, na pistoni yaweza kukwama kabla gogo la kwanza halijaisha. Baadhi ya misumeno mipya hujirekebisha yenyewe. Ile ya zamani, ambayo ndiyo mingi, inahitaji bisibisi na sikio la fundi.

Kwa miti ya mashambani ya Njoro, Rongai na Subukia, hasa grevilea ya mpakani, hatari nyingine ni waya wa seng'enge na misumari yake. Mti hukua ukaimeza misumari iliyopigiliwa miaka 20 iliyopita, na cheni ikiigonga inaweza kukatika na kurukia miguu ya mtu. Doa la rangi ya samawati au nyeusi kwenye uso uliokatwa ni dalili ya chuma kilicho karibu. Fundi asisimame kamwe kwenye mstari wa cheni, na buti, miwani na vizibo vya masikio si mapambo.

Kwa nini basi nimeupigia debe mathenge? Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mradi wa serikali na FAO uliolenga kuni na kuzuia jangwa, kisha ukasambaa kwa mafuriko na kinyesi cha mifugo. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wafugaji Wailchamus wa Baringo walifika mahakamani wakiwa na mbuzi asiye na meno. Manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo mti umeshakuwepo, na kuukata bila kuung'oa huufanya uchipue mashina mengi zaidi. Kinachofaa ni kupunguza mashina, kuacha moja linenepe, na kuling'oa na kulipasua likifikia kipimo. Kupasua mbao peke yake hakutamaliza vichaka hivyo, ila kunampa mfugaji sababu ya kuingia humo na panga. Miiba ya mathenge huingia ndani na kuacha vidonda vinavyooza, kwa hiyo aingie amevaa viatu vigumu.

Mierezi na podo za Msitu wa Mau ni habari nyingine kabisa. Hizo ziachwe zisimame. Ukataji katika misitu ya umma na ya jamii ulisimamishwa Februari 2018, Rais Ruto akatangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba marufuku imeondolewa, na suala hilo likafika mahakamani. Hata kwa mti wa shambani, kabla ya kuzipakia mbao pata kibali cha kuzisafirisha kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya.

Ubao ukishapasuliwa, kazi iko nusu. Siku hiyohiyo paka rangi nzito kwenye ncha zake, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi huko na ndiko nyufa huanzia. Ondoa gome, maana wadudu watobozi hupenda mti mweupe ulio chini yake. Panga mbao kivulini, zikitenganishwa na fito kavu za unene mmoja zilizowekwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na uweke mawe mazito juu kabisa. Mathenge husinyaa kidogo na kupinda kwa nadra. Grevilea na mkaratusi vinahitaji subira zaidi. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, ingawa joto la Baringo huufupisha muda huo. Usikisie. Chukua ubao mmoja, upime kwenye mizani kila mwezi na uandike uzito wake kwa chaki juu yake. Ukikaa miezi miwili bila kupungua, mwite mnunuzi.