CD4 ziko juu, mbona kifua kikuu kimeingia?

Hapa Tunduma kikohozi hakikosi kisingizio. Kuna vumbi la barabara kuu, moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na baridi ya alfajiri. Anayeishi na VVU huwa na kisingizio cha ziada: "Tabibu, CD4 zangu zilikuwa 600, hiki kifua ni cha kawaida tu." Wiki hii tuitazame kauli hiyo, kwani kuiamini kunaweza kumgharimu mtu uhai.

Walinzi wa aina mbalimbali

CD4 ni sehemu ya chembechembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T. Seli hizi huanzia kwenye uboho wa mifupa, kisha hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo. Zikishakomaa hugawana kazi.

Seli wasaidizi, ambazo ndizo hasa tunazozikusudia tukisema CD4, kazi yake kubwa ni kutoa kemikali za kuamsha na kuelekeza walinzi wengine. Seli wauaji, yaani CD8, hukagua seli za mwili na kuiangamiza ile iliyoingiliwa na virusi. Zipo pia seli dhibiti, ambazo huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Ugunduzi wa hizi za mwisho ndio uliowapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Aidha, baada ya mwili kupambana na kijidudu, baadhi ya seli T hubaki kama kumbukumbu. Kila kundi humkumbuka adui wake. Zinazomjua kijidudu cha kifua kikuu si zile zinazojua virusi vya mafua.

Utafiti uliofanyika kwa jirani zetu

Inakadiriwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa kijidudu cha kifua kikuu. Wengi hawaugui. Kijidudu humezwa na chembe walaji mapafuni, lakini huweza kuishi humo humo. Seli wasaidizi zinazokikumbuka ndizo huzipa chembe hizo nguvu ya kukibana kisitoke.

Mbeya, mkoa ambao Songwe ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2016, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Ujerumani na Marekani walifuatilia damu ya watu kabla na baada ya kuambukizwa VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa seli wasaidizi zinazokumbuka kifua kikuu hupotea mapema baada ya VVU kuingia.

Kwa nini hizo? Matokeo ya mwaka 2010 yalizilinganisha na seli zinazokumbuka virusi vya sitomegalo, ambavyo watu wazima wengi wanavyo bila kuugua. Seli za kifua kikuu zilikutwa na VVU kwa wingi zaidi. Seli za sitomegalo hutoa zaidi kemikali inayoziba mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli; za kifua kikuu huitoa kwa uchache, hivyo mlango unabaki wazi.

Sasa tuirudie ile 600. Hiyo ni hesabu ya jumla. Mji unaweza kuwa na walinzi 600, na bado ghala moja likawa halina mlinzi. Ndiyo maana utafiti wa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta hatari ya kifua kikuu imeongezeka maradufu ndani ya mwaka wa kwanza tu wa kuambukizwa VVU.

Tufanye nini?

Zamani mgonjwa alisubiri CD4 zishuke ndipo aanze dawa. Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango hicho kutoka 200 hadi 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likaelekeza kila mwenye VVU aanze. Tanzania ilianza kufuata utaratibu huo mwaka 2016. Kwa hiyo:

1. Tupime mapema. Mume dereva, mke mfanyabiashara wa mpakani, na vijana wanaojiandaa na nikaha, wote wapime.

2. Ukikutwa na VVU, anza dawa za kufubaza bila kusubiri. Hupunguza hatari ya kifua kikuu kwa karibu theluthi mbili.

3. Kwa mwenye VVU, kikohozi cha siku yoyote, homa, jasho la usiku au kupungua uzito ni sababu ya kwenda kupimwa, hata CD4 zikiwa nyingi. Asiye na VVU asipitishe wiki mbili za kikohozi.

4. Kama huna kifua kikuu, muulize mhudumu wa kliniki kuhusu dawa ya kinga, mfano isoniazidi.

5. Akipatikana mgonjwa nyumbani, wote mnaoishi naye mkapimwe, watoto wadogo kwanza. Fungueni madirisha. Matibabu na vipimo vya kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Kuhusu Ramadhani, dawa za kufubaza za mara moja kwa siku zinaweza kumezwa wakati wa futari au daku, maadamu saa haibadiliki kiholela. Lakini anayetibiwa kifua kikuu huweza kuhitaji dozi ya pili ya dolutegravir, na mwili wake huwa dhaifu. Asifunge kabla ya kuzungumza na tabibu wake. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Afya ni amana. Asiambiwe mtu "ni vumbi tu" kabla makohozi yake hayajapimwa.