Kutoka Nairobi Hadi Lango la Chorlim: Jinsi ya Kufika Mlima Elgon Bila Pesa Kukukwamisha Njiani

Saa tatu asubuhi. Umesafiri usiku kucha kutoka Nairobi na watoto wawili. Mmeteremka Kitale, mkanywa chai, mkapanda matatu, kisha boda, na sasa mmesimama mbele ya lango la Chorlim. Mtoto mdogo anauliza ndovu wako wapi. Unatoa noti ya elfu moja, askari wa lango anatikisa kichwa: hapa hawapokei pesa taslimu. Unatoa simu. Chaji imebaki asilimia nne, bando iliisha Nakuru, na akaunti yako ya eCitizen hukumbuki nenosiri lake.

Pesa unazo, ila haziwezi kufika pale zinapotakiwa. Na kama simu ikizima, boda aliyewaleta naye hajalipwa.

Leo tunakupa ramani ya safari hii hatua kwa hatua: usafiri upi uchukue, ulipe wapi, kwa njia gani, na wakati gani. Tumechagua Mlima Elgon kwa sababu ni mbuga nzuri sana ambayo Wakenya wengi huisikia tu shuleni. Mbuga hii ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita mraba 169, upande wetu wa mpaka na Uganda. Ndiko liliko pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani na kuchimba mwamba kwa pembe zao ili walambe chumvi. Juu kabisa upande wa Kenya kuna kilele cha Koitobos, mita 4,222. Lakini iko mbali, na hakuna basi litakalokushusha mlangoni.

Hatua ya kwanza: Nairobi hadi Kitale

Mji wa kulenga ni Kitale, karibu kilomita 380 kutoka Nairobi. Barabara inapita Naivasha, Nakuru, Timboroa, Eldoret na Moi's Bridge. Una njia nne.

*Basi la usiku.* Watu wengi hulipenda kwa sababu unaokoa pesa ya kulala hotelini na unafika Kitale alfajiri, siku nzima ikiwa mbele yako. Ubaya wake ni uchovu na usalama. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ina malori mengi, Salgaa inajulikana kwa ajali, na Timboroa kuna baridi na ukungu. Beba sweta ndani ya basi, usiifungie kwenye buti.

*Matatu ya mchana.* Inaenda kasi kuliko basi na huondoka ikijaa. Ukitoka Nairobi asubuhi na mapema, utafika Kitale jioni au karibu na jioni. Maana yake utalala Kitale, uingie mbugani kesho yake. Weka gharama hiyo kwenye bajeti.

*Ndege.* Zipo ndege za kutoka Nairobi hadi Eldoret, safari ya chini ya saa moja. Lakini usifikiri ukishuka umefika. Uwanja uko nje ya mji wa Eldoret, kwa hivyo utahitaji teksi hadi mjini, kisha matatu ya kwenda Kitale, kama kilomita 70 hivi. Hesabu nauli zote tatu kabla ya kusema ndege ni rahisi.

*Gari lako au la kukodi.* Mkiwa watu wanne au watano, mafuta mkigawana yanaweza kuwa nafuu. Lakini jua mambo mawili. Kwanza, gari nalo hulipiwa ada yake langoni, mbali na ada ya kila mtu. Pili, barabara za ndani ya mbuga ni za udongo, na mvua ikinyesha gari dogo litakwama. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo huwa mikavu zaidi. Kuanzia Aprili mvua ya Trans Nzoia haina mchezo, na kama huna gari la magurudumu manne kuvuta, afadhali uliache nje.

Malipo ya hatua hii ni rahisi, mradi ulipe mahali sahihi. Kata tiketi ofisini au kwa Paybill iliyoandikwa ofisini, si kwa nambari ya kijana aliyekushika mkono steji akikuambia "leta nikukatie haraka". Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ukiona jina la mtu binafsi badala ya la kampuni au sacco ya gari, simama hapo. Baada ya kulipa, usifute ile meseji. Hiyo ndiyo risiti yako kama kiti chako kitakuwa kimeuzwa mara mbili.

Hatua ya pili: Kitale hadi langoni

Kutoka steji ya Kitale panda matatu inayoelekea Endebess. Mwambie kondakta mapema kwamba unashukia njia panda ya kwenda lango la Chorlim, akushushe pale. Kutoka hapo utachukua boda, ni mwendo mfupi. Yote kwa jumla, kutoka Kitale hadi langoni ni chini ya kilomita 30.

Hapa kuna kosa ambalo limewapotezea wengi siku nzima. Jina "Mlima Elgon" si la mbuga peke yake. Mount Elgon pia ni eneobunge katika Kaunti ya Bungoma, na miji yake ni kama Kapsakwony na Cheptais. Ukifika Bungoma au Kimilili useme "nataka kwenda Mt. Elgon", makanga atakupakia kwa nia njema kabisa hadi Kapsakwony, na utajikuta upande mwingine wa mlima, mbali na Chorlim. Kwa hivyo usiseme Elgon. Sema: *Kitale, Endebess, Chorlim.*

Kuhusu boda, patana bei kabla ya kupanda, na hapo hapo mkubaliane utalipa vipi. Wengi watakuambia, "Tuma tu, lakini weka na ya kutoa." Si ujanja huo. Ukimtumia kwa nambari yake ya kawaida, wewe unakatwa ya kutuma, naye atakatwa akienda kwa wakala kutoa. Akiwa na Till ya kununulia bidhaa, mteja huwa hakatwi chochote. Uliza tu, "Boss, uko na Till?" Kama hana, ongeza hiyo ya kutoa kwenye hesabu, au mlipe kwa noti ulizobeba.

Ndiyo, noti. Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, na bado tunakuambia ubebe pesa taslimu kidogo. Kitale ndipo mahali pa mwisho ambapo utapata mawakala wengi wenye floti ya kutosha. Toa pesa pale, na uombe noti ndogo ndogo: za hamsini, mia na mia mbili. Ukimpa mwendesha boda elfu moja asubuhi kwa safari fupi, chenji ataitoa wapi? Usisahau kitambulisho, wakala atakiomba.

Hatua ya tatu: Kuingia mbugani

Ada za mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, hulipwa kidijitali kupitia eCitizen. Jambo hili lifanye nyumbani, jioni kabla ya safari, ukiwa na bando na chaji:

1. Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen. Kama hukumbuki nenosiri, huu ndio wakati wa kulibadilisha, si langoni.
2. Chagua huduma za KWS, kisha mbuga, tarehe na idadi ya watu. Bei ya raia, mkazi na mgeni si moja, na ya mtoto si ya mtu mzima. Chagua sawasawa, kwa sababu langoni utaulizwa kitambulisho.
3. Lipa. Paybill ya serikali ni 222222, na nambari ya akaunti ni ile utakayopewa kwenye ankara yako. Ikopi ilivyo.
4. Hifadhi tiketi kwenye simu, upige picha ya skrini, na umtumie mwenzako mmoja nakala. Simu moja ikizima, nyingine inaokoa.

Tukazie neno moja hapa. Kuna kurasa mitandaoni zinazotangaza safari za mbuga kwa bei ya kushangaza, kisha unaambiwa utume "depositi" kwa nambari ya mtu. Ada ya mbuga ya serikali haitumwi kwa nambari ya mtu binafsi. Haijalishi ana picha nzuri kiasi gani za ndovu.

Langoni uliza pia kuhusu askari wa kukusindikiza. Kama umekuja kwa boda na utatembea kwa miguu hadi mapangoni, utamhitaji, kwani ndani mna ndovu na nyati. Huduma hiyo ina ada yake, na ni vyema uifahamu kabla hujapanga bajeti. Ukiwa pangoni usiguse popo wala mavi yao, na watoto wasiachwe kuchezea mawe ya ndani.

Mtandao ukipotea

Kadiri unavyopanda ndivyo mtandao unavyodhoofika. Mambo manne ya kukumbuka:

Programu ya simu ikikataa kufunguka kwa sababu ya data, jaribu kupiga msimbo. Kwa M-PESA ni *334#. Haihitaji bando, inahitaji tu mtandao wa kawaida, hata ule hafifu.

Mtandao ukikatika katikati ya muamala, usitume tena papo hapo. Pesa huenda zimeshatoka na meseji ndiyo iliyochelewa. Angalia salio kwanza, au muulize anayepokea. Wengi wamelipa boda mara mbili kwa haraka hii.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi kwenye M-PESA, peleka ile meseji yote ya muamala kwa 456 mara moja. Ukingoja ushuke mlimani jioni, huenda aliyepokea ameshatoa. Ndiyo maana tunasema soma jina kabla ya PIN, kila wakati, hata kama boda ananguruma kando yako.

Na kwa sababu mpaka uko karibu, simu yaweza kushika mtandao wa Uganda bila wewe kujua. Ukiona jina la mtandao limebadilika, zima kuhama mitandao kwenye mipangilio, kisha uchague mtandao wako mwenyewe.

Pesa ya kurudi haiguswi

Safari nyingi haziharibikii njiani kwenda, zinaharibikia kurudi. Jioni imefika, lango hufungwa saa kumi na mbili, watoto wamechoka, na ndipo unagundua salio halitoshi kufika Nairobi. Wengine hukimbilia mkopo wa papo hapo kwenye simu, ambao ada yake huongezeka kila siku usipolipa. Safari ya siku mbili inageuka deni la mwezi.

Gawa pesa mafungu manne kabla ya kutoka nyumbani: ya kwenda, ya mbuga, ya chakula na malazi, na ya kurudi. Hilo la mwisho liweke mahali tofauti, kwenye akiba ya simu au laini nyingine, na ujifanye halipo. Afadhali zaidi, kata tiketi ya kurudi mapema, hasa wakati wa Pasaka na Desemba ambapo nauli hupanda na magari hujaa.

Na yule boda wa asubuhi? Akikupendeza, chukua nambari yake na mpatane saa ya kukujia. Mpe malipo ya kuja, ya kurudi umlipe akishakurudisha njia panda. Ukimlipa zote mapema unamwachia kishawishi. Usipomlipa kitu unamwachia mashaka. Kila mmoja akiwa na sehemu yake mkononi, saa kumi jioni utamkuta langoni akikungoja.

Kabla hujafunga mlango wa nyumba

Tiketi ya mbuga imelipwa na imehifadhiwa. Simu ina chaji, na betri ya akiba iko mkobani. Kitambulisho kipo. PIN iko kichwani, haijaandikwa kwenye karatasi wala haijapewa mtoto. Noti ndogo utazitoa Kitale. Pesa ya kurudi imefungiwa.

Ukifika Chorlim namna hiyo, askari ataangalia tiketi yako, ataangalia kitambulisho, na atainua kizuizi. Mtoto akiuliza ndovu wako wapi, wewe utakuwa na jibu: twende tukawatafute.

Safari njema.