Dole Gumba la Mzee Anayesahau

Uzee si ugonjwa. Mzee anaweza kusahau alikoweka fimbo yake, kisha akakumbuka. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini yuko mzee anayepotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 40. Anauliza neno moja mara kumi. Anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa. Huyo ni mgonjwa. Ubongo wake unadhoofika kidogo kidogo.

Ugonjwa huu upo vijijini kwetu. Wataalamu waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Katika kila wazee 100, wapatao 6 walikuwa nao. Si uchawi wala si laana. Mzee anayezurura usiku akisema peke yake asiitwe mchawi. Atunzwe.

Je, tufanye nini? Kwanza, mleteni zahanati. Kama amechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, msingoje. Huenda ni malaria, homa ya mapafu, kisukari, au dawa anazokunywa. Hayo yana matibabu. Kama amekuwa akisahau polepole kwa miezi mingi, tutamwandikia barua aende hospitali akapimwe na daktari. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu wa polepole bado haipo. Lakini chakula kizuri, usafi na maneno ya upole humsaidia sana.

Sasa tuangalie mali yake. Chukua mfano wa mzee mwenye ekari 4. Mtu anamjia na karatasi na wino. Mzee anaweka dole gumba. Kesho hakumbuki. Mwezi ujao jirani analima shamba, na watoto wanagombana. Mama mzee naye hana pa kuchuma mboga.

Sheria haikubali jambo hilo. Mkataba na mtu asiyeweza kuelewa anachokubali hauna nguvu. Tena, Sheria ya Afya ya Akili iliyotungwa mwaka 2008 inaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa wa akili.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Pateni taarifa ya daktari iliyoandikwa. Maneno ya jirani hayatoshi.

2. Fanyeni kikao cha ukoo. Mzee naye aketi nanyi. Iko siku akili yake huwa nyepesi. Muulizeni anamwamini nani.

3. Andikeni mali yake yote: shamba, nyumba, mifugo na fedha.

4. Mwoneni msaidizi wa kisheria. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Atawaeleza namna ya kupeleka maombi mahakamani.

Msimamizi si mrithi. Mzee yu hai, na mali ni yake. Fedha za shamba zimnunulie chakula, dawa na nguo. Msimamizi aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, maana mahakama inaweza kumwuliza.

Tujihadhari pia na mtoto mwenye tamaa. Atasema, "Baba amerukwa na akili," ili ashike shamba. Kusahau kidogo hakumwondolei mzee haki yake. Anayeelewa jambo aachwe aamue mwenyewe.

Wajumbe wa halmashauri ya kijiji, mnalo jukumu. Uuzaji wa ardhi ya kijiji ukifika kwenu, mwiteni mzee. Mwulizeni anauza nini, kwa nani na kwa bei gani. Akishindwa kujibu, msipige mhuri.

Nawe msomaji, sasa unajua kusoma. Karatasi ikiletwa mbele ya mzee wako, isome neno kwa neno kabla wino haujagusa kidole chake.