Je, Wajua? Sarufi ya Kiingereza iliwahi kuandikwa kwa Kilatini

Mtoto wa shule ya msingi huko Gashoho, upande wa Muyinga nchini Burundi, anasoma lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Basi mtoto huyo anakaririshwa kanuni za Kiingereza ambazo Shakespeare, yule mwandishi mashuhuri wa tamthilia za Kiingereza, mwenyewe hakufundishwa.

Ndiyo, Shakespeare! Shule za enzi zake zilifundisha sarufi ya Kilatini. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa, ya William Bullokar, ilitoka mwaka 1586, naye Shakespeare akiwa kijana wa miaka 22. Bullokar alikipima Kiingereza kwa kanuni za Kilatini, akatoka na aina nane za maneno zile zile za Kilatini, kisha akakiandika kitabu kwa tahajia aliyoibuni mwenyewe. Tahajia hiyo haikupata wafuasi.

Mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis, katika sarufi yake ya Kiingereza, alilalamika kwamba Kiingereza kinabanwa ndani ya kanuni za Kilatini. Lakini sarufi yenyewe aliiandika kwa Kilatini, maana aliwalenga wageni waliotaka kujifunza Kiingereza.

Usimcheke. Sarufi ya Kirundi ya mwaka 1902 iliandikwa kwa Kifaransa na mmisionari Mholanzi, J. M. M. van der Burgt. Ya Kiswahili, ya mwaka 1850, iliandikwa kwa Kiingereza na Mjerumani, Ludwig Krapf. Vitabu hivyo vilikuwa vya mgeni kumwandikia mgeni mwenzake. Mwenye lugha hakuwa na haja navyo.

Na lile zoezi la "sahihisha sentensi zifuatazo", linalowatoa wanafunzi jasho? Ni la zamani. Katikati ya karne ya 18 Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, aliweka kwenye sarufi yake sentensi zilizoharibiwa kwa makusudi ili mwanafunzi azinyooshe. Baadaye akaja Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia York. Mwaka 1795 alitoa sarufi aliyoombwa na walimu wa shule ya wasichana, na miaka miwili baadaye akaiongezea kitabu kizima cha mazoezi, kilichojaa sentensi mbovu za kusahihishwa.